Nikipanda Inazima

Jumamosi, 19 Oktoba

Dorah amesema nikasirikie daftari. Kaniletea hili lenye jalada gumu, akasema kila nikitaka kurusha spana ukutani nikae kwanza niandike. Haya mke wangu, nimekaa. Mimi ni Florian, fundi umeme wa pikipiki, mtaa wa Mukendo mjini, na leo nimeshindwa na skuta. Ingekuwa ya mteja wa kawaida ningelala usingizi. Ni skuta ya mama mkwe.

Mama anaishi Butiama. Ni mwalimu mstaafu, na tangu astaafu amejipa kazi nyingine isiyo na mshahara: anafundisha kwaya za vigango, yale makanisa madogo ya vijijini, hiki leo, kile kesho. Mazoezi huanza jioni, watu wakishatoka shambani, kwa hiyo kurudi kwake ni gizani. Wenzake walipostaafu walinunua viti vya kupumzikia. Yeye alinunua skuta ya bluu, akajifunzia kwenye uwanja wa shule huku wanafunzi wake wa zamani wakimpigia makofi.

Sasa skuta inazima taa. Maelezo niliyopewa na Dorah kutoka kwa mama yake ni haya: "Inazimaga akiwa njiani." Nimeipandisha stendi ya kati, nimewasha injini, taa inawaka. Nimetikisa usukani, inawaka. Nimepiga ngumi kwenye bodi, inawaka. Nimebadilisha balbu ili nisionekane nimekaa bure, kisha nikampa Lameck, bodaboda wa kijiwe chetu, aizungushe mpaka Kigera na kurudi. Karudi anacheka. Taa ilikuwa inawaka njia nzima.

Kwa nini sikuizungusha mwenyewe? Kwa sababu kiti cha mama mkwe hakikaliwi na mkwe. Ndivyo tulivyo kwetu, na ubatizo haukubadilisha. Hatupeani mkono, hatukai pamoja, jina lake silitamki na humu sitaliandika. Maneno yetu yanapita kwa Dorah. Kwa simu tunasalimiana, nami nasimama wima kama nipo paredi, halafu yeye anasema, "Mpe Dorah."

Jumapili, 20 Oktoba

Mama kaichukua skuta baada ya misa. Nilimwangalia kwa mbali, nikiwa nyuma ya banda langu la ufundi. Kofia ngumu nyeupe, kitenge kimekunjwa vizuri, mgongo wima, anatoa indiketa hata pale ambapo hakuna mtu wa kumwona. Natengeneza pikipiki za vijana ambao hawajui indiketa ni kitu gani. Niliona fahari, bila kumwambia mtu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua ya kwanza. Taa imezima.

Jumanne, 29 Oktoba

Kumbe ni maji, nikajisemea. Skuta imeletwa, nimeimwagia ndoo nzima ya maji mbele, nyuma, chini ya kiti, kila mahali penye waya. Injini inanguruma, taa inawaka, mimi nimelowa. Lameck akaniuliza kama naiogesha au naibatiza.

Nimefunga viungio vyote kwa plasta mpya hata hivyo.

Jumanne, 5 Novemba

Imezima tena, na hata mvua haikuwepo. Ila leo nimemwambia Dorah aulize vizuri, na majibu yamekuja: taa ikizima, honi inalia, indiketa zinapiga, na taa ya breki inawaka ukikamata breki. Kinachokufa ni taa kubwa ya mbele na ile ndogo ya nyuma.

Niliruka kwenye kiti. Mwalimu ni mwalimu! Wateja wangu wote wangesema "umeme umekata" na kuishia hapo. Honi, indiketa na breki zinakula kwenye betri. Taa kubwa na ndogo ya nyuma, kwa skuta hii, zinakula moja kwa moja kwenye injini. Kwa hiyo betri haina kosa, fyuzi haina kosa, na nusu ya waya zote nimeziondoa kwenye kesi bila kugusa kitu. Kwa jibu moja la mtu aliyekuwa gizani barabarani na bado akakumbuka kupiga honi na kukamata breki ili aone kipi kizima na kipi kimekufa.

Skuta imerudi bandani, nimefungua swichi ya taa. Ilikuwa na vumbi. Nimeisafisha mpaka inang'aa.

Jumamosi, 9 Novemba

Hakuna simu kutoka Butiama. Nimekula ugali wa udaga wa muhogo na samaki sato mzima peke yangu.

Jumatatu, 11 Novemba

Imezima. Nimerusha spana. Daftari lilikuwa nyumbani.

Jumamosi, 16 Novemba

Nilikwenda Bunda kwa Mseti. Tulijifunza kazi pamoja, na hakuna mtu ninayempenda anayeniudhi kama yeye. Anasema akiisikia pikipiki ikipita barabarani anajua imekula plagi ya aina gani. Nikamsimulia yote. Akanisikiliza huku anatafuna muwa.

"Wewe kwa macho yako ushawahi kuiona ikizima?" akaniuliza.

"Hapana."

"Sasa wewe unatibu mgonjwa wa kusimuliwa. Nenda ukakae nayo mpaka iugue mbele yako."

"Ni ya mama mkwe, Mseti."

Akaacha kutafuna. Na yeye ana mama mkwe. "Aisee, hapo umepatikana," akasema. Kisha, kwa kuwa hawezi kukubali kwamba hajui, akaniapia kuwa ni rektifaya, kile kidude cha kutuliza umeme wa injini, akanipa aliyoitoa kwenye skuta nyingine. Skuta ilikuwa imeshaletwa bandani, nimeifunga jioni hii. Inawaka vizuri sana, kama ilivyokuwa inawaka na ile ya zamani.

Jumamosi, 23 Novemba

Haikuwa rektifaya; taa imezima tena. Na leo kapiga Kasmiri.

Kasmiri ni kaka yake Dorah, yuko Dodoma. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma.

"Shemeji, wewe ni fundi mzuri, mimi sina neno na wewe," alisema. "Lakini mama anatembea na pikipiki kipofu kwenye barabara ya malori. Mimi sitaki kuja kumwangalia hospitali kwa sababu ya kwaya. Nakuja Noeli. Ikizima tena kabla sijafika, nikifika naiuza."

"Na vigango?"

"Watatafuta mwalimu mwingine. Mimi sina mama mwingine."

Kila neno lake lilikuwa la mtoto anayempenda mama yake. Nilikasirika kwa sababu nilikosa pa kumshika.

Dorah alisema, "Wakimnyang'anya skuta watakuwa wamemnyang'anya kila kitu." Halafu akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumapili, 1 Desemba

Nitaandika haya polepole kwa sababu nataka niyakumbuke.

Jana mama alikuwa kigango cha mbali, kwenye mazoezi ya nyimbo za Noeli. Walipomaliza giza lilikuwa limeingia na mvua inanyesha. Akawasha injini, akapanda, taa ikazima. Mtu mwingine angelala pale kwa katekista. Yeye asubuhi ya leo alikuwa na misa ya kuimbisha kwao, na hajawahi kuchelewa misa.

Kwaya ikakataa aende peke yake. Wakatoka wote, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, wakawasha tochi za simu zao, wakajipanga mbele ya skuta kushoto na kulia kwa barabara. Yeye akawa nyuma yao kwa mwendo wa mtu anayetembea. Na kwa kuwa kwaya ni kwaya, wakaanza kuimba. Dorah anasema mama alikuwa akisikia besi wanashuka sauti anapiga honi, wanapanda. Watu wa njiani walifungua milango wakidhani ni maandamano ya sikukuu. Kuna mzee mmoja kajiunga na tochi yake, hakuuliza ni ya nini.

Walimfikisha mpaka mlangoni. Akawapikia chai wote, akawasahihisha ule mstari wa tatu ambao walikuwa wameukosea njia nzima, ndipo akawaruhusu warudi.

Nilipomaliza kusikia nilitoka nje nikasimama peke yangu. Nina mama mkwe wa namna hii, na mimi, fundi wa umeme, nimeshindwa kumpa taa moja. Nilisikia aibu na nilisikia fahari, na sikujua ipi nianze nayo.

Jumamosi, 7 Desemba

Wadudu wa ziwani wameingia mji mzima. Nimefanya kazi nimefunga mdomo kwa kitambaa. Lameck anasema ndiyo siku niliyokuwa na adabu kuliko zote.

Jumatatu, 9 Desemba

Habari za maandamano ya tochi zimefika Dodoma. Kwa wengine ni hadithi ya kuchekesha. Kasmiri hakucheka. Ameshapata mnunuzi, mwenye duka wa Bunda, atakuja Butiama tarehe ishirini na nne asubuhi. Mama kaambiwa. Dorah anasema mama aliitikia "sawa" na kuuliza kama Kasmiri bado anapenda kuku wa kienyeji.

Nimefunga banda mapema leo.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo nimejua.

Dorah alikuwa anasonga ugali. Nikamwambia, "Hebu nirudie, neno kwa neno, alichosema mama siku ile ya kwanza."

"Si nilikwambia? Inazimaga akiwa njiani."

"Alisema hivyo? Mama yako? Yule aliyenipa taarifa ya honi na breki?"

Akaacha mwiko ndani ya sufuria. Akaangalia mlangoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Alisema, nikipanda inazima, nikishuka inawaka."

Nilitaka kupiga kelele hadi Bunda wasikie. Wiki zote hizi! Balbu, plasta, swichi, rektifaya, ndoo ya maji! "Mbona hukuniambia, Dorah?"

"Ningekwambiaje? Ungeniuliza kwa nini ikipandwa na Lameck haizimi. Ningekujibu nini, Florian? Kuhusu mama yangu? Wewe mkwe wake?"

Ugali ukaungua kidogo.

Kwa sababu mama ni mtu mwenye

Mama ni mtu ambaye, akikaa,

Nimefuta mara mbili. Mama ni mwalimu wa muda mrefu. Lameck ni mwembamba sana. Nitaishia hapo, na atakayesoma ataelewa.

Basi ugonjwa uko kwenye waya unaojikunja mtu akikaa. Injini ya skuta hupanda na kushuka na gurudumu la nyuma, na waya wa taa unatoka huko huko kwenye injini. Kwenye stendi ya kati gurudumu linaning'inia hewani na waya umenyooka, ndiyo maana sijawahi kuuona ukiugua. Mama akija kwangu anashuka kabla hajafika bandani, anasimama kule, kwa heshima. Mimi sikai kwenye kiti chake, kwa heshima. Dorah hasemi, kwa heshima. Sote watatu tumeuficha ugonjwa huu kwa adabu kubwa.

Jumamosi, 21 Desemba

Butiama, uani kwa mama. Nilifika na Dorah tangu asubuhi, na mkoba wa vifaa.

Nilikuwa na mpango wangu. Nilimwambia Dorah aombe gunia la mahindi. Tukaliweka juu ya kiti, skuta ikiwa imesimama kwa magurudumu yake mawili, Dorah kashika usukani. Nikawasha. Taa inawaka. Mama alikuwa mlangoni kwa jiko, kanipa mgongo nusu, kama inavyotakiwa.

Nikaongeza debe la mtama. Inawaka. Sasa ukweli ni kwamba nilikuwa naweka kidogo kidogo, kwa kuwa kila kilichoongezeka kilikuwa kama nasema neno mbele yake. Nilipolibeba debe la pili nikasita, nikalirudisha chini. Gunia likaserereka, likaanguka, mahindi yakamwagika, kuku wote wa Butiama wakaja.

Mama akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka kwa karibu. Kisha akasema kwa sauti ya darasani, akiuangalia ukuta:

"Dorah! Mwambie mume wako mimi siyo gunia."

Dorah akanigeukia. "Mama anasema yeye siyo gunia."

"Nimesikia," nikasema.

"Na mwambie hivi. Nikiwa juu ya skuta, mimi ni mzigo wa skuta. Nikishuka ndiyo nakuwaga mkwe wake. Aangalie mzigo wake, mimi naangalia mbele."

Hakungoja Dorah arudie. Akaingia ndani, akatoka na kofia yake nyeupe kichwani, hapo hapo uani, kana kwamba anasafiri. Akapanda. Dorah akamfunga kanga nyingine kiunoni ikashuka mpaka chini kwa nyuma kama pazia, nami nikalala chali upande wa pili wa pazia hilo, kichwa karibu na gurudumu.

Akawasha. Kutoka pale chini sikuweza kuiona taa ya mbele. Dorah alitakiwa aniambie, lakini alikuwa ameshika skuta kwa mikono miwili huku kafumba macho kwa aibu.

Nikaingiza mkono pembeni ya shokapu, nikaushika waya wa njano.

"Imezima," mama akasema.

Alikuwa anamwambia nani? Dorah akafumbua macho. Mama hakuwa amemtaja Dorah. Hakuwa amesema "mwambie". Alikuwa anaongea na mimi.

Nikausogeza waya kidogo kwa kidole.

"Imewaka."

Nikauachia.

"Imezima."

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto, "nyanyuka kidogo."

"Imewaka."

"Kaa."

"Imezima. Hapo hapo, Florian. Umeshaupata."

Miaka yote ya ndoa yangu, hayo ndiyo maneno ya kwanza tuliyopeana bila mtu katikati, ukiacha salamu za simu. Nililala pale kwenye matope nikiwa nimeushika ule waya, na machozi yakanitoka, nashukuru pazia lilikuwepo.

Nikaupasua. Ngozi ya nje ilikuwa nzima kabisa, laini, ungeapa haina kitu. Ndani shaba ilikuwa imekatika, ncha mbili zinagusana tu zikiachwa zimenyooka. Nikakata kipande kibovu, nikaweka kingine kirefu zaidi, nikalehemu, nikakiacha kilegee ili kicheze na shokapu bila kujikunja. Mama alikuwa ameshuka, amerudi mlangoni, kanipa mgongo nusu. Nilipomaliza akapanda tena, akarukaruka juu ya kiti kama mtoto.

"Dorah," akasema, "mwambie mume wako inawaka."

Tulikuwa tumerudi kwenye adabu zetu. Nikala kuku nikiwa chumba kingine.

Jumanne, 24 Desemba

Mnunuzi kaja asubuhi kama alivyosema. Kasmiri naye alikuwa kafika jana, na Kasmiri, kwa umbo, ni mtoto wa mama yake. Nikamwambia imepona. Akanishika bega: "Shemeji, umeshaniambia hivyo mara ngapi?"

Mama akatoka na kofia. Akamwambia mwanawe, "Panda nyuma."

"Mama, kuna mnunuzi."

"Anywe chai. Panda."

Kasmiri wa Dodoma, na viatu vyake vya ngozi, akapanda nyuma ya mama yake, akamshika kiuno. Wingu lilikuwa zito, asubuhi ilikuwa na giza la mvua, na walipofika barabarani ikaanza kunyesha. Nikasimama getini na Dorah. Tuliiangalia taa nyekundu ya nyuma ikipanda kilima chini ya mzigo wa watu wawili wa ukoo ule, ikaruka mashimo, ikakata kona. Haikupepesa hata mara moja.

Walikwenda mpaka kigango cha mbali. Waliporudi Kasmiri alikuwa amelowa mpaka kwenye soksi. Akamwendea mnunuzi, akamwomba radhi. Mama akamfungia yule bwana kuku mmoja wa kumpoza, akampeleka mpaka getini.

Jioni Kasmiri akaniuliza, "Kwani ugonjwa ulikuwa nini?"

Dorah akaangalia chini. Mama, mlangoni, akakohoa.

"Waya," nikasema.

"Waya tu?"

"Waya tu, shemeji."

Jumamosi, 4 Januari

Mvua zimekatika. Sijarusha spana tangu Noeli, na Lameck anasema kijiwe kimepoa.

Kuna jambo limeanza. Kila siku ya mazoezi, mama akishafika nyumbani kwake, simu yangu inalia, yangu na siyo ya Dorah. Nasimama wima kama kawaida.

"Imewaka," anasema.

"Asante, Mama."

"Mpe Dorah."